Gari Linachemsha: Uliza Kwanza Linachemsha Wakati Gani

Kwenye parokia nyingi za vijijini gari ni moja tu. Ndilo linalompeleka padre kigangoni Jumapili, ndilo linalombeba mama mjamzito usiku wa manane kwenda hospitali ya wilaya, na ndilo linaloleta saruji ya ujenzi. Frateri akienda kwenye mwaka wa uchungaji, mara nyingi hukabidhiwa funguo za gari hilo kabla hajaonyeshwa hata mahali pa kupimia oili. Kwa hiyo safari hii tumeona tuandike juu ya tatizo ambalo magari mengi ya parokia yamewahi kulipata, nalo ni kuchemsha.

Tunalijua gari la parokia moja ambalo ndani ya mwaka mmoja lilibadilishiwa rejeta, kisha pampu ya maji, kisha likaondolewa themostati kabisa. Waamini walichangishwa mara mbili. Pamoja na hayo yote, gari liliendelea kuchemsha kila lilipopanda mlima kwa gia ndogo, ilhali kwenye lami tambarare lilikwenda vizuri siku nzima. Mwishoni iligundulika kwamba klachi ya feni ilikuwa imekufa. Hakuna aliyeigusa kwa sababu kila aliyefungua boneti aliona feni inazunguka, akaridhika. Mafundi wale hawakuwa matapeli. Waliletewa gari na maneno mawili, “gari linachemsha,” wakaanza kubadilisha kile ambacho kwa kawaida huharibika. Lile neno la kwenye mlima na lile la kwenye tambarare halikufika gereji.

Hilo ndilo tunalotaka kulieleza hapa. Kuchemsha ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Daktari hatoi dawa kabla hajauliza homa inapanda saa ngapi, na mwenye gari naye anatakiwa afike gereji na jibu la swali la namna hiyo: linachemsha wakati gani?

Ili jibu hilo liwe na maana, inabidi kujua kidogo jinsi injini inavyopozwa. Kwa makadirio, theluthi moja tu ya nguvu iliyomo kwenye mafuta ndiyo inayofanya kazi ya kusukuma gari. Theluthi nyingine hutoka na moshi, na inayobaki huingia kwenye vyuma vya injini na lazima iondolewe. Maji, au tuseme kulanti, husukumwa na pampu kupita kando ya silinda na ndani ya hedi, yakachukua joto hilo, yakatoka kupitia mpira wa juu hadi kwenye rejeta. Humo hupita kwenye vijibomba vyembamba vilivyozungukwa na mapezi ya bati, upepo ukapuliza katikati yake, na maji yaliyopoa yakarudi kwenye injini kwa mpira wa chini. Njiani kuna mlango mmoja, themostati, unaobaki umefungwa wakati injini ni ya baridi na kufunguka inapofikia joto la kazi. Hiyo ndiyo njia yote. Gari likichemsha, basi ama maji hayatoshi, ama hayazunguki, ama upepo haupiti, ama joto linaloingia ni kubwa kuliko kawaida.

Kuna kitu kimoja kidogo ambacho watu wengi hawakihesabu, nacho ni kifuniko cha rejeta. Kazi yake si kuzuia maji yasimwagike tu. Kina springi inayobana mfumo mzima uwe na mgandamizo, kwa magari mengi karibu ba 0.9 juu ya mgandamizo wa hewa ya nje, na maji yaliyobanwa hivyo hayachemki kwenye nyuzijoto 100 bali karibu na 119. Sasa fikiria parokia iliyoko Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzijoto 93 hivi. Injini nyingi hufanya kazi zikiwa kati ya nyuzijoto 85 na 95. Maana yake ni kwamba kifuniko kilicholegea springi au kilichokatika mpira, ambacho Dar es Salaam kingeweza kuvumilika kwa miezi, kwenye nyanda za juu kinatosha peke yake kulifanya gari zima lichemke likiwa katika joto lake la kawaida. Kifuniko ni spea ya bei ndogo kuliko karibu zote zilizotajwa katika makala hii, na tungependa kianze kuangaliwa kabla rejeta haijashushwa. Kinunuliwe chenye kipimo kilekile kilichoandikwa juu ya kile cha zamani. Kikali zaidi hupasua mipira na rejeta.

Turudi kwenye swali letu. Kama gari linachemsha likiwa limesimama, kwenye foleni, au likipanda polepole kwa gia ya kwanza na ya pili, lakini likifunguka barabarani linapoa, mashaka yetu ya kwanza ni upepo. Kwenye mwendo wa kilometa 80 kwa saa gari lenyewe hujipepea. Feni haina kazi kubwa. Likisimama, feni ndiyo kila kitu.

Feni ni za aina mbili. Magari madogo mengi, hasa yale ambayo injini imelala kwa upana, yana feni ya umeme. Hapa washa kiyoyozi: kwa magari mengi feni inapaswa kuanza muda huohuo. Isipoanza, angalia fyuzi, rilei na waya kabla ya kununua mota. Ikianza kwa kiyoyozi lakini haianzi kwa joto la injini, shuku sensa. Na ikizunguka, hakikisha inazunguka upande unaotakiwa, maana tumeona feni iliyounganishwa waya kinyume baada ya matengenezo ikawa inapambana na upepo badala ya kuuvuta. Weka karatasi ya daftari mbele ya rejeta. Inatakiwa ivutwe na kugandamana.

Aina ya pili ni ya magari ya kazi, kama Land Cruiser nyingi zenye injini ya dizeli ya 1HZ. Feni yao huzungushwa na mkanda wa injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni ndani yake. Mbele ya klachi hiyo kuna kispringi cha chuma kinachohisi joto la upepo unaotoka kwenye rejeta. Upepo ukiwa wa baridi, klachi inateleza na feni inazunguka kivivu. Upepo ukipata moto, kispringi kinafungua njia, mafuta yanajaa, klachi inakamata, nawe unasikia feni inaunguruma. Klachi ikivuja au mafuta yake yakichoka, feni itaendelea kuzunguka lakini bila nguvu. Ndiyo sababu kuitazama hakutoshi. Zima injini, toa ufunguo, kisha izungushe kwa mkono. Inapaswa kuwa nzito kidogo na kusimama mapema. Ikizunguka mara kadhaa kama tiara, au ukiona michirizi ya mafuta yenye vumbi kuanzia katikati yake, imekwisha. Angalia pia mkanda kama umelegea, na lile kava la plastiki linaloizunguka feni. Kava hilo likivunjika kwenye ajali hutupwa na kusahauliwa, kisha feni ikabaki inazungusha hewa ileile ya moto badala ya kuvuta mpya kupitia rejeta.

Jambo jingine la upepo ni uchafu, na huku kwetu kwenye barabara za vumbi ni kubwa kuliko vitabu vya matengenezo vinavyodhani. Mbegu za nyasi, panzi na tope hujaa kwenye mapezi ya rejeta. Kama gari lina kiyoyozi, mbele ya rejeta kuna kondensa, na uchafu hujificha katikati ya hizo mbili mahali ambapo jicho halifiki. Kutoka mbele utaona safi kabisa. Chomoa boliti za juu, tenganisha kidogo, umulike kwa tochi. Uoshaji ufanyike kwa maji ya mgandamizo mdogo kutoka upande wa injini kuelekea nje, kwa maana uchafu uliingia kutoka mbele. Wanaoosha kwa mashine ya gari kuoshea, tena kutoka mbele, huyalaza mapezi na kuziba njia waliyokusudia kuifungua.

Kama kinyume chake ndicho kinachotokea, yaani gari linatulia mjini lakini mshale unapanda likikimbia kwenye lami au likipanda Kitonga likiwa na mzigo, hapo upepo upo. Kinachokosekana ni mzunguko wa maji. Injini inazalisha joto jingi kuliko maji yanavyoweza kulibeba hadi nje. Mshtakiwa wa kwanza ni rejeta iliyoziba ndani. Kisa chake karibu kila mara ni maji ya kisima. Mama yeyote anayechemsha maji ya chumvi anaujua ukoko mweupe unaobaki ndani ya birika. Ukoko huohuo hujijenga ndani ya vijibomba vya rejeta na kuta za injini, ukichanganyika na kutu. Baada ya kuzima injini, rejeta yenye sehemu za baridi katikati ya sehemu za moto imeziba hapo penye baridi. Fundi mwenye kipimajoto cha kumulika atalithibitisha kwa dakika mbili bila kuunguza vidole.

Wa pili ni mpira wa chini. Huu uko upande ambao pampu inavuta, na ukiwa umezeeka na kulainika hunyonywa ukabonyea injini inapopandishwa mzunguko, ukasimamisha maji. Injini ikiwa silensa utauona mzima. Inabidi mtu mmoja akanyage mafuta na mwingine atazame, akiwa mbali na feni. Wa tatu ni pampu yenyewe. Pampu inayovuja hujitangaza: chini yake kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi, na maji yakitoka hapo, sili ya ndani imekufa. Isiyojitangaza ni ile ambayo mapanga yake yameliwa na kutu, ambayo haivuji wala haipigi kelele.

Hali ya tatu ni gari linalochemsha dakika tano au kumi baada ya kuwashwa, hata halijaenda popote. Hapo kwanza angalia kama maji yapo, injini ikiwa ya baridi, ndani ya rejeta yenyewe na si kwenye chupa ya akiba peke yake. Chupa inaweza kuwa imejaa na rejeta tupu kama kifuniko hakirudishi maji. Kama mfumo ulifunguliwa karibuni, inawezekana hewa imenaswa ndani. Geuza pua ya gari kwenye mwinuko, weka hita kwenye joto la juu, acha kifuniko wazi tangu injini ikiwa ya baridi, iache iungurume huku ukiongeza maji na kubinyabinya mpira wa juu hadi mapovu yaishe.

Kama maji yapo na hewa haipo, gusa kwa tahadhari mpira wa juu na wa chini. Injini inachemka na mpira wa chini bado ni wa baridi? Themostati haijafunguka. Kifaa hiki ni cha kupendeza kwa urahisi wake: ndani kuna kidonge cha nta, na nta ikiyeyuka hutanuka, ikasukuma kipini kinachofungua mlango. Hakuna umeme wala kompyuta. Kukipima hakuhitaji fundi, jikoni panatosha. Kining’inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji kisiguse chini, washa jiko, tumbukiza kipimajoto. Kwenye kifaa chenyewe imegongwa namba ya joto la kufunguka, kwa mfano 82. Kisipoanza kufunguka karibu na hapo, na maji yakafika kuchemka kimekaa kimya, kitupwe.

Lakini kitupwe na kingine kiwekwe. Hatukubaliani hata kidogo na ile desturi ya kuondoa themostati na kuacha tundu wazi “kwa sababu nchi yetu ni ya joto”. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi na kuichafua oili. Tena kuna jambo ambalo wanaoiondoa hawaliambiwi. Kwenye injini nyingi themostati ina vali mbili: ya juu hufungua njia ya rejeta, na ya chini wakati huohuo hufunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiiondoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji haitaiona rejeta tena, na gari likapanda mlima na mzigo linaweza kuchemka kuliko mwanzo.

Kama dalili zote hizo hazikujibu, au maji yanapungua kila siku bila tone kuonekana chini, tunafika kwenye jambo ambalo kila mwenye gari analiogopa: gasketi ya hedi. Gasketi ikipasuka, gesi ya moto kutoka kwenye silinda huingia kwenye maji. Mpira wa juu utakuwa mgumu kama jiwe dakika moja au mbili baada ya kuwasha injini ya baridi, muda ambao joto lenyewe lisingeweza kuleta mgandamizo. Ukiwasha na kifuniko kimefunguliwa tangu baridi, utaona mapovu yasiyokoma. Wakati mwingine oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe hutoka kwa muda mrefu hata injini ikiwa imepata moto. Kuna kipimo cha kumaliza ubishi: fundi huweka juu ya mdomo wa rejeta chombo chenye kimiminika cha buluu, na gesi ya moshi ikipita humo rangi inageuka, njano kwa petroli na kijani kwa dizeli. Takeni kipimo hicho kabla hamjakubali hedi ifunguliwe. Na hedi ikishafunguliwa, ipelekwe kupimwa kama imepinda. Kuweka gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kuchangisha waamini mara ya tatu. Fundi aulizwe pia kilichoichemsha injini hadi gasketi ikapasuka. Mara nyingi gasketi imekufa kwa sababu ya feni au rejeta ambayo bado ipo mahali pake.

Kuna visa vya pembeni ambavyo tunavitaja kwa haraka: breki inayoshika bila kuachia, moshi unaozuiwa na bomba lililoziba, taiming iliyopotea. Ukisukuma gari kwenye tambarare likiwa halimo kwenye gia na likawa zito, anza na breki.

Juu ya maji ya kuweka, mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yaliyotoneshwa unafaa kwa magari mengi. Wengine husema kulanti ni ya nchi za barafu. Sivyo, huku kwetu kazi yake ni kuzuia kutu na kupandisha joto la kuchemka. Kulanti tupu bila maji nayo si nzuri, kwa kuwa hubeba joto vibaya kuliko mchanganyiko. Kama hakuna dukani, maji ya mvua yaliyokingwa safi na kuchujwa ni afadhali kuliko ya kisima. Dawa za kuziba matundu, pamoja na yai bichi ambalo wengine hulivunja ndani ya rejeta, huziba tundu moja na kuziba pia vijibomba kumi ambavyo havikuwa na kosa.

Barabarani, mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi, fungua vioo, washa hita hadi mwisho ili itoe sehemu ya joto, punguza mwendo. Ukiendelea kupanda, simama na uzime. Mjue pia kwamba kwenye magari mengi mshale umetengenezwa ukae katikati kwa joto la kuanzia chini hadi juu kiasi. Ukionekana unasogea, joto limeshasogea zamani. Na mshale uliokuwa juu ukaporomoka ghafla usiwafurahishe. Yawezekana maji yameisha kabisa, na sensa iliyokuwa ndani ya maji sasa imo kwenye hewa, haisomi kitu, wakati vyuma vinaungua.

Kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, hata kama watu wanasubiri kigangoni. Maji yaliyobanwa kwenye nyuzijoto zaidi ya 100 hulipuka kuwa mvuke mara tu springi inapoachia, na hurukia uso na kifua. Subirini hadi mpira wa juu uwe laini na uweze kushikwa bila kuchoma, kwa kawaida nusu saa au zaidi. Kisha funikeni kwa kitambaa kizito, zungusheni hadi hatua ya kwanza, acheni isizime pumzi yake, ndipo mfungue. Maji ya baridi yasimwagwe kwa mkupuo ndani ya injini iliyoungua, hedi hupasuka. Yawekwe kidogo kidogo.

Kwenye kila gari la parokia tungependa pawe na daftari ndani ya droo ya dashibodi. Siku gari likichemsha, dereva aandike tarehe, barabara, mwendo, gia, mzigo, kiyoyozi kilikuwa kimewashwa au la, ni dakika ngapi tangu kuwasha, na lita ngapi za maji ziliongezwa baada ya kupoa. Daftari hilo likitangulia kufunguliwa mbele ya fundi, boneti inaweza kusubiri dakika tano.